Fagio Liko Nyuma Yetu

Jumapili, 4 Mei

Imetimia miaka mitatu na ushei tangu nitoke nyumbani. Nilimwacha mtoto hajaota jino. Sasa ana meno yote na maneno yake mwenyewe, na mimi ananiita Simu. Mama yake akipokea, namsikia yule mtoto kwa nyuma anauliza, "Ni Simu?" na mama yake anamjibu, "Ndiyo, ni Simu, njoo umwamkie." Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nilikaa nje ya chumba mpaka wenzangu wakamaliza kula.

Kazi yetu ni mchanga. Asubuhi tunatoka na boti, tunazamia na ndoo, tunachota mchanga chini ya mto na kujaza boti mpaka ukingo wake ubaki vidole vitatu tu juu ya maji. Kisha tunalirudisha gatini kwa pondo, ule mti mrefu wa kusimika chini na kusukumia. Gatini tunashusha kwa beleshi, lori linakuja, linabeba, na sisi tunarudi majini. Jioni mtu unapiga chafya unatoa mchanga.

Likizo hakuna. Kiangazi ukiondoka, unakuta mwingine ameshika beleshi lako. Pale gatini wanaosubiri hawakosekani. Masika kazi inapungua na ruhusa ipo, lakini masika barabara ya kwetu inakatika, hata baiskeli haipiti. Kwa hiyo wakati wa ruhusa hakuna njia, na wakati wa njia hakuna ruhusa. Mwaka jana nilifunga begi mara mbili na kulifungua mara mbili.

Leo tajiri amekuja mwenyewe, akasimama juu ya lundo la mchanga ili tumwone. Akasema mwaka huu anaingiza mtumbwi kwenye mbio za makasia. Siku tano, kutoka hapa hadi mji wa chini ambako mto unaingia ziwani. Watu wawili. Watakaofika kabla kamati haijafunga mbio siku ya tano watapata mwezi mzima wa likizo, na nafasi yao itawangoja.

"Nani ana mikono?" akauliza.

Shemeji akanyanyua mkono wake. Halafu akanyanyua na wangu.

Shemeji ni kaka wa mke wangu. Yeye ndiye aliyenileta huku. Hapa gatini wanamwita Redio, na sihitaji kueleza kwa nini.

Sikuushusha mkono. Siku ya nne ya hizo mbio, mto unapita kwetu.


Jumatano, 7 Mei

Mtumbwi umeletwa. Mweupe, wa faiba, mwembamba kama ganda la harage, mtu mmoja anaubeba begani. Ubavuni umeandikwa kwa rangi nyekundu MCHANGA SAFI, PIGA SIMU, na namba ya tajiri. Mama wa jikoni akautazama sana. "Kumbe nyinyi si wapiga kasia," akasema, "nyinyi ni bango."

Baada ya kazi tukauingiza majini. Ukatumwaga. Tukapanda, ukatumwaga tena. Sisi tumezoea boti lililojaa, limekaa majini limetulia kama ng'ombe aliyeshiba. Huu ukimeza mate unayumba. Vijana wa gatini walikaa ukingoni wanashangilia kila tukizama. Msimamizi naye alikuwepo. Tunamwita Saa Ngapi kwa sababu hilo ndilo swali lake la pekee, na saa anayo mkononi.

Shemeji akatoka majini, akajaza mchanga kwenye viroba viwili, akafunga mdomo, akaweka kimoja chini ya kiti chake na kimoja chini ya changu.

"Sisi tumezoea mzigo," akasema. "Tuupe mzigo."

Mtumbwi ukatulia. Tukaenda mpaka kwenye kona na kurudi bila kulowana. Wote wakapiga makofi, na mimi nikasema moyoni huyu mtu ana akili kumbe.


Jumapili, 11 Mei

Nimempigia mke wangu. Nikamwambia Alhamisi ya tarehe tano mwezi ujao, kuanzia mchana, asimame na mtoto pale wanapoteka maji, nitapita.

"Utapita au utakuja?"

"Nitapita. Kuja ni baadaye, tukishafika mwisho. Tukisimama tunachelewa."

Kisha akauliza, "Na huyo kaka yangu yupo?"

"Yupo, tuko naye mtumbwi mmoja."

"Haya."

Ndivyo anavyomuulizia tangu siku nyingi. Yupo? Yupo. Haya. Hajawahi kusema nimpe simu.


Jumanne, 13 Mei

Mvua ya mwisho mwisho. Hatukutoka. Nimelala kama gogo.


Ijumaa, 16 Mei

Nimechoka na Redio. Si kuchoka kwa mwili, huko nimeshazoea. Kutwa nzima tunachota mchanga, jioni tunakwenda mazoezi, na kila tukishika kasi nzuri yeye anaweka kasia magotini na kuanza hadithi. Leo ilikuwa ya fundi mmoja aliyejenga nyumba akasahau mlango. Mimi niko nyuma, napiga peke yangu, namsikiliza mgongo.

"Shemeji, piga kasia."

"Napiga. Sasa yule fundi akawa ndani..."

"Hupigi. Kasia liko juu ya mapaja yako."

"Wewe una haraka gani? Mbio bado. Utamaliza nguvu kabla ya wakati, halafu dada yangu anilaumu."

"Dada yako hakuulizi chochote."

Hilo lilimfunga mdomo. Tulirudi gatini kimya kabisa, na sikufurahia kama nilivyodhani ningefurahia.


Jumamosi, 24 Mei

Maji yanapungua, mafungu ya mchanga yameanza kutoa migongo. Viganja vyangu vimepasuka mle mle vilipopasuka mwaka jana. Saa Ngapi alisimama gatini anatupima. Nikamuuliza tumekwenda vipi. Akasema, "Mmerudi."

Shemeji anachelewa kulala siku hizi. Yuko jikoni na mama wa jikoni, anarudi ananuka dawa ya kuchua. Chumba chetu ni cha mabati, tunalala wanne, na harufu ile haina pa kutokea. Wenzetu wanamtania kwamba kapata mchumba. Anacheka nao.


Jumatatu, 2 Juni. Siku ya kwanza.

Naandika nikiwa nimelala kwa tumbo kwenye sakafu ya darasa. Shule imefungwa, kamati imetugawia madarasa ya kulala. Ubaoni bado kuna hesabu za kugawanya. Sina mgongo. Mahali pa mgongo pana kitu kingine.

Asubuhi tulikuwa wengi pale pa kuanzia. Wa benki na fulana zao za rangi moja, polisi, walimu, wavuvi, wauguzi wawili wa kike wenye mabega kama yetu. Mwenye kipaza sauti alitueleza kanuni. Kila siku kuna mahali pa kufikia. Nyuma ya wote inakuja boti ya kamati yenye injini na bendera ya njano, inaokota walioshindwa. Ikikupita majini, umetoka. Watu wa mbio wanaiita Fagio.

"Likikupita umefagiwa," mmoja wa wavuvi akatuambia. "Mimi mwaka jana lilinifagia siku ya pili. Wanakupa chai humo ndani. Chai nzuri, lakini haimezeki."

Tulianza vizuri. Baada ya kona ya kwanza tukaanza kuachwa. Tulipiga kasia mpaka nikaona nyota mchana, na wenzetu wanazidi kuwa wadogo mbele. Walimu walitupita wakiimba. Wauguzi walitupita wakatusalimia. Tukabaki sisi, na nyuma yetu injini inakoroma taratibu, haina haraka, kama mtu anayekusindikiza kwako.

Tulifika wa mwisho kabisa. Mama mmoja wa kamati, mwandika saa, akaja kutusaidia kuvuta mtumbwi ukingoni. Akavuta, akaacha. Akainama kuangalia ndani.

"Na hivi viroba ni vya nini?"

"Mchanga," nikasema.

"Mnaupeleka wapi?"

Ukingo mzima ukaangua kicheko. Mpiga picha akataka tushike viroba tupigwe picha. Polisi mmoja akasoma ubavu wa mtumbwi kwa sauti, akauliza kama tunaleta hadi mlangoni.

Tumepiga kasia kutwa nzima tukibeba mchanga kwenye mto uliojaa mchanga. Na sisi ndio watu wa mchanga. Hata hatukuwaza kuutoa. Boti bila mchanga kwetu ni boti ambalo kazi yake haijaanza.

Shemeji amelala upande wa ukuta. Usiku wa leo redio imezimwa.


Jumanne, 3 Juni. Siku ya pili.

Daftari limelowa, kalamu inakwaruza. Asubuhi tulimwaga mchanga. Viroba vitupu nilivikunja nikavikalia, sikutaka kuvitupa, kiroba kizima hakitupwi.

Tukazama mbele ya watu wa benki. Tukazama tena mbele ya wauguzi. Mmoja akasema, "Kaeni kwa makalio, msikae kwa mabega!" Sijui alimaanisha nini lakini makalio yangu yalielewa. Nikalegea. Nikaacha kupigana na mtumbwi. Kufika mchana tulikuwa tunateleza, na mimi nimesahau kabisa kama kuna maji chini. Tukawapita polisi. Shemeji akawauliza kama wanahitaji mchanga.

Hatukuwa wa mwisho leo. Fagio tulilisikia asubuhi tu.

Mikono imekufa ganzi, naandika kama mtoto wa chekechea. Lakini tutafika. Leo kwa mara ya kwanza nimeamini.


Jumatano, 4 Juni. Siku ya tatu.

Nitaandika yote, ingawa sina hali.

Tulitoka vizuri. Jua lilipopanda nikaona mtumbwi unavuta upande mmoja. Kila nikiunyoosha unarudi. Nikatazama kasia la shemeji: linaingia majini, linatoka, lakini halichoti kitu. Analichovya tu, kama anayeonja mchuzi.

"Shemeji."

"Naam."

"Unapiga au unaonja?"

Hakujibu kwa utani. Hapo ndipo nilipoogopa.

Mahali pa kupumzikia mchana nikamwambia avue fulana. Akakataa. Nikaivuta mwenyewe. Bega lake la kulia limevimba, limekuwa jekundu na kung'aa, na mkono hauinuki kupita kifua. Nikamuuliza tangu lini. Akasema mlango wa nyuma wa lori ulimwangukia mwezi wa nne, kabla tajiri hajapanda kwenye lundo lake.

"Kabla ya mbio? Na ukanyanyua mkono?"

"Nilinyanyua wa kushoto."

Nikakaa chini. Nikakumbuka hadithi ya fundi aliyesahau mlango. Kumbe kila akiweka kasia magotini alikuwa anapumzisha bega, na maneno ni ya kunifunika macho. Na mama wa jikoni alikuwa anamchua. Na mimi nikamwita mvivu, si kwa mdomo, lakini nililala nalo moyoni wiki nzima.

"Kwa nini hukusema?" nikamuuliza. "Tungemchukua mwingine."

"Mwingine nani? Tajiri angechukua mwingine na mwingine. Wawili wenye mikono mizima. Wewe ungebaki."

"Na kama ningebaki?"

Akawa anatazama maji. "Mimi ndiye niliyekutoa kwenu," akasema. "Nilimwambia dada yangu miezi sita tu. Dada yangu haniongeleshi. Salamu zake napelekewa na wewe, na wewe huna hata akili ya kuzitia chumvi." Akajaribu kucheka. "Nikasema mwaka huu nitampitishia mume wake mlangoni, hata kama ni mbio mbio."

Nikamvalisha fulana, kwa sababu mwenyewe hawezi.

Muuguzi mmoja akaja kumwangalia. Akamfunga mkono kwa kitambaa, akasema kwa ushauri wake angepanda Fagio sasa hivi, aende hospitali. Mmoja akitoka wote wametoka, kanuni ndivyo inavyosema. Nikamtazama shemeji. Nikamwambia, "Panda. Nitakaa na wewe. Tutakunywa hiyo chai."

Akaenda akakaa kwenye mtumbwi. Si kwenye kiti. Chini, katikati, miguu ameinyoosha.

"Nihesabu kiroba," akasema. "Wewe si umezoea mzigo?"

Jioni tulifika wa mwisho, Fagio likiwa karibu kiasi kwamba nilisikia wanachokoroga kwenye vikombe. Nimepiga kasia peke yangu tangu mchana. Sina kitu cha kusema juu ya mwili wangu. Upo.


Alhamisi, 5 Juni. Siku ya nne.

Kwenye ghala tupu, juu ya magunia. Wengine wamelala zamani.

Tangu asubuhi Fagio halikutuacha. Mwendesha injini ni mzee mnene mwenye kofia, hana ubaya. Kila tukipunguza, naye anapunguza. Lakini kanuni ni kanuni, na yule mwandika saa alikuwa ndani yake na daftari lake. Nilipiga kasia kwa kuhesabu moja mbili, moja mbili, mpaka hesabu ikaisha maana. Shemeji alikaa katikati akinielekeza mkondo kwa mkono wa kushoto. Maneno machache tu. Kulia. Acha. Kulia tena. Alijua kila neno linanipunguzia pumzi kwa sababu lazima nilisikilize.

Mchana tukaingia kwenye kona ninayoijua. Mti ulioanguka bado upo vile vile, nusu majini, tangu nilipokuwa mtoto.

Pale kwetu mto ni mpana. Maji mengi yanapita upande wa ng'ambo, na upande wa nyumbani ni fungu la mchanga, maji ya magotini. Mtu wa mbio anapita ng'ambo. Mtu wa boti la mchanga ndiyo kabisa, hawezi kusogelea maji ya magotini. Na ng'ambo ni mbali. Kutoka ng'ambo mtu anayesimama pa kutekea maji ni kidole.

"Kushoto," shemeji akasema. "Pita ng'ambo. Hapo utakwama."

Nilimsikia. Nikapindua kulia.

"Shemeji!"

"Nimesikia."

Niliwaona kutoka mbali. Mke wangu amevaa gauni la kijani, mtoto amembeba ubavuni. Walikuwa na watu wengine, majirani na watoto, lakini mimi niliona kijani tu. Wakaanza kupunga. Nikapiga kasia, nikapiga, mchanga ukaanza kuonekana chini, wa kahawia, unakuja juu, na mimi badala ya kutafuta maji nawatazama wao. Mtumbwi ukasema krrr. Ukasimama.

Nyuma, injini.

Nikaruka majini. Nikashika mkia, nikasukuma. Mtumbwi hauendi, shemeji ni mzigo, na amekaa palepale uliposhika mchanga. Akataka kushuka, nikamfokea akae, akianguka na bega lile tumekwisha. Nikasukuma tena. Nikasikia maji yanachapwa karibu yangu, nikageuka, ni mke wangu. Ameingia mpaka mapajani, gauni linaelea, mtoto bado ubavuni.

Miaka mitatu. Nilikuwa nimepanga maneno. Nilikuwa nayapanga kila usiku mle kwenye mabati.

"Sukuma basi," akasema, "unanitazama nini?"

Akaweka mkono wake mmoja kwenye mtumbwi karibu na wangu. Tukasukuma. Alikuwa amekonda shingo. Alinuka moshi na sabuni. Mtoto alikuwa usawa wa uso wangu kabisa, macho makavu, ananikagua kuanzia nywele mpaka kidevu kama anayenunua kitu.

"Mwamkie," mama yake akamwambia huku anahema. "Ndiye Simu huyo."

Mtoto akatikisa kichwa. "Simu mdogo," akasema. "Huyu mkubwa."

Mtumbwi ukateleza.

Shemeji alikuwa amekaa mle katikati, mkono umefungwa, anatazama maji upande mwingine. Mke wangu akamwona vizuri sasa. Akamshika begani, lile zima, akalibana.

"Kaka," akasema, "umekonda."

"Na wewe dada, hujambo."

Hayo tu. Injini ilikuwa imefika usawa wa ule mti. Lakini ilikuwa imeshuka sauti, karibu izimike. Yule mzee mwenye kofia alikuwa anakuna kichwa anatazama mawingu, na mwandika saa ameinamia daftari lake kama kuna kitu kimemwangukia humo.

"Nenda," mke wangu akasema. "Kafike. Usipofika utarudi tena mchangani, halafu mimi nimelowana bure."

Nikapanda. Nikapiga kasia. Sikugeuka nyuma, kwa sababu ukigeuka kwenye mtumbwi ule unazama, na kwa sababu nyingine. Mbele yangu mgongo wa shemeji ulikuwa unatetemeka. Nikadhani ni bega. Baadaye nikaelewa kwamba bega halimfanyi mtu avute kamasi.

Tukafika hapa. Kisha akasema, "Umekwama makusudi."

Nikamwambia sikukwama makusudi. Nilipita nikijua nitakwama. Sijui kama ni kitu kimoja.


Ijumaa, 6 Juni. Siku ya tano.

Tumefika. Wa mwisho. Walikuwa wameshaanza kukunja viti. Nilipogusa kamba ya mwisho wa mbio, mwandika saa akanionyesha saa yake, akanipa kidole gumba, akaenda kutafuta viatu vyake.

Sikufurahi wala sikuhuzunika. Nilitaka kukaa. Walinipa kiti, nikashindwa kukunja magoti, nikabaki nimesimama kando ya kiti.


Jumamosi, 7 Juni

Shemeji amelazwa. Wodi ina vitanda vingi na feni moja. Daktari anasema mfupa umehama na umekaa vibaya muda mrefu. Wataurudisha, lakini beleshi asahau mpaka mwakani, labda moja kwa moja. Shemeji akaniuliza daktari amesemaje. Nikamwambia. Akafikiri, akasema, "Basi nitasoma habari na matangazo ya vifo." Mgonjwa wa kitanda cha jirani alicheka mpaka akakohoa.

Mchana simu yangu ikalia. Nikapokea, nikaambiwa nimpe shemeji. Mke wangu amempigia kaka yake hospitalini. Amempigia yeye, si mimi. Walizungumza muda mrefu na mimi nilikaa pembeni ya kitanda nikihesabu mabapa ya feni. Alipomaliza akanirudishia simu, imepata moto.

"Anakusalimu," akasema.

Sasa zamu yangu kupelekewa salamu.

Jioni akaja Saa Ngapi kwa lori la tajiri. Nikajua amekuja kutuchukua na mtumbwi. Akatupa mkono, akasema tajiri amefurahi, likizo ni yetu kama alivyoahidi, mwezi mzima kuanzia leo. Nikashukuru. Nikamuuliza tupakie mtumbwi saa ngapi. Kwa mara ya kwanza swali lake lilimtoka mtu mwingine.

"Lori limejaa saruji," akasema. "Mtumbwi utarudi nao wewe."

"Kwa mto?"

"Kwani ulikuja kwa njia gani?"

"Nilikuja nikiteremka."

Akatazama viatu vyake. "Mimi nimetumwa," akasema. "Mwezi ni wenu. Lakini siku mtakayoripoti kazini, mtumbwi uwepo gatini. Usipokuwepo, hiyo nafasi sijui."

Ningepaswa kukasirika. Nilitafuta hasira, nikakuta imechoka kuliko mimi. Nikaenda pale pwani, nikakaa kando ya MCHANGA SAFI, PIGA SIMU, nikautazama mto unavyokuja kutoka juu, mpana, wa kahawia, wote dhidi yangu. Njia yote ile kurudi nyuma. Kupanda.

Halafu ikanijia, polepole, kama mambo yote yanavyonijia: njia ya kurudi inapita kwetu.


Jumapili, 8 Juni

Leo nimekata pondo. Nimepata mti mzuri, mnyoofu, nimeumenya maganda na kuukausha juani. Kasia ni la watu wenye haraka. Kupandisha mto ni kazi ya pondo, na pondo ndiyo kazi yangu. Unasimama nyuma, unasimika, unatembeza mikono, unasukuma. Hakuna anayekupima.

Shida ni kusimama. Mtumbwi ule hausimamiki. Nilijaribu pale pwani, ukanimwaga mbele ya wafua nguo. Nikatoka, nikatoa vile viroba viwili nilivyovikalia tangu siku ya pili, nikavijaza mchanga wa ziwani, nikafunga mdomo. Kimoja mbele, kimoja katikati. Nikasimama. Ukatulia kama ng'ombe aliyeshiba.

Nilipomweleza shemeji alifurahi kuliko alivyofurahi tulipofika. "Si nilikwambia? Tatizo letu tulikuwa na haraka." Yeye atatoka hospitali wiki ijayo, atapanda basi aje kwa dada yake. Dada yake ndiye aliyesema aje.

Jioni nikapiga nyumbani. Akapokea mtoto mwenyewe, nikasikia pumzi yake tu.

"Hujambo," nikasema.

Akauliza: "Wewe mdogo au mkubwa?"

Mama yake akacheka kwa nyuma. Mimi nilibana simu kwa mikono miwili, viganja vinawasha.

"Sasa hivi mdogo," nikamwambia. "Alhamisi nitakuwa mkubwa."

"Utasukuma tena?"

"Hapana. Alhamisi nitashuka."

Akaenda kumwambia mama yake, nikasikia miguu inakimbia sakafuni, simu ameiacha wazi. Nilikaa nikisikiliza nyumba yangu: sufuria, mlango, mtu anaitwa.

Naondoka kesho alfajiri kabla upepo haujaamka. Maji ni mazito na mimi si mpya, kwa hiyo sitegemei kufika kabla ya Alhamisi tarehe kumi na mbili, mchana au jioni. Nitapita upande wa nyumbani, kwenye maji ya magotini. Nikikwama, na iwe.